Lubaki wa Bukama na karatasi zake za rangi

Ndugu wa kazi, na ninyi mama na watoto mnaotungojea nyumbani, leo tunaacha kidogo habari za mishahara. Tunaongea juu ya mutu mmoja wa upande wetu: Albert Lubaki wa Bukama.

Wazee wetu wa Kalemie waliijua Bukama vizuri. Treni ya kutoka Elisabethville ilifika pale mwaka 1918. Ukishuka, unapanda masuwa kwenye Lualaba mpaka Kabalo, kisha treni ingine mpaka Albertville, ndiyo Kalemie yetu ya leo. Wengi waliokuja kutafuta kazi walipita kwa ile njia, na mizigo kichwani.

Lubaki hakuwa mutu wa mgodi. Alikuwa anachonga pembe za tembo, tena alikuwa anachora kwenye kuta za nyumba. Sasa ukuta wa udongo tunaujua: masika moja au mbili, mvua imemaliza yote. Mwaka 1926 Muzungu mmoja wa Leta, Georges Thiry, akaona zile kuta. Akamtafuta mwenye kuzichora, akampa karatasi na rangi za maji, ile rangi unachovya brashi ndani ya maji halafu unapaka.

Kule Uingereza watu walikuwa wameizoea rangi hiyo tangu zamani. Mama mmoja, Helen Allingham, alijulikana sana kwa kuchora watoto kati ya maua na majani, karibu na nyumba za vijijini. Alikufa mwaka ule ule wa 1926. Kwenye picha zake karatasi inajaa, kila jani lina nafasi yake. Lubaki, yeye, aliiachia karatasi ipumue. Mnyama, ndege juu ya mti, nyoka, mutu akitembea: anaviweka peke yao kwenye weupe, hakuna mbingu, hakuna udongo chini ya miguu. Mtoto wetu ambaye hajaingia shule bado ataonyesha kwa kidole na kutaja majina. Sisi tunapenda zaidi za Lubaki, na si juu ya kuwa yeye ni wa kwetu tu.

Thiry alikuwa ananunua picha na kuzituma Bruxelles, kwa Gaston-Denys Périer, mutu wa wizara ya Makoloni. Mwaka 1929 zikaonyeshwa pale Bruxelles, kwenye Palais des Beaux-Arts. Mwaka 1930 zikaonekana Genève, mwaka 1931 Paris. Picha zilivuka bahari. Lubaki alibaki Bukama.

Hapa sisi wa sendika tunasimama kidogo. Hatusemi kama Thiry alikuwa mwizi. Bila yeye mvua ingefuta kila kitu, na leo tusingekuwa na jina la kutaja. Lakini angalieni namna kazi ilivyopangwa. Karatasi zinatoka kwa Thiry. Rangi zinatoka kwa Thiry. Mnunuzi ni Thiry. Bei ya huko mbele, mwenye kuchora haioni. Mchimbaji anayeuza mfuko wake kwa mutu mmoja tu, na koleo lenyewe ni la yule mutu, hana lazima ya kuelezwa zaidi.

Njo maana, mipango ya wale Wazungu wawili ilipovunjika kwenye miaka ya 1930, karatasi zilikoma kufika. Hakukuwa na mlango mwingine wa kupigia hodi. Maandishi ya Ulaya yakamnyamazia Lubaki kwa miaka mingi, na picha zake zikalala kwenye makabati.

Mwaka 2015 kulikuwa maonyesho makubwa Paris juu ya uchoraji wa Kongo. Wenye kuyapanga walipohesabu miaka ya uchoraji huo, walianzia 1926. Ni mwaka wa Lubaki, wa Bukama.

Tena kuna mke wake, Antoinette. Naye alichora kwa rangi za maji, na aliweka jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Kwa muda mrefu waliokuwa wanaandika juu ya Bukama walitaja bwana tu. Mwaka 2022 picha zake zilitundikwa kule Venice, Italia, kwenye maonyesho ambako wachoraji wa dunia nzima wanaitwaga. Safari hii jina lililoandikwa ukutani lilikuwa la Antoinette.