SIEMENS: Alivyokuza ndizi kwa taa ya umeme Uingereza

Jina Siemens linafahamika kwa simu na mashine za hospitali. Wachache wanajua kuwa mmoja wa ndugu wa ukoo huo aliwahi kugeuza shamba lake kuwa maabara ya kukuza mazao usiku.

Carl Wilhelm Siemens alizaliwa Lenthe, Ujerumani, mwaka 1823. Kaka yake, Werner, ndiye aliyeanzisha kampuni ya familia mwaka 1847. Wilhelm yeye alikwenda Uingereza mwaka 1843 kuuza utaalamu wa kupaka madini kwa umeme. Aliuuza Birmingham kwa pauni 1,600, na baadaye akaishi Uingereza akiitwa William. Utajiri ulikuja baadaye, kupitia tanuri la kuyeyusha chuma na nyaya za telegrafu za chini ya bahari.

Nchini humo, siku za majira ya baridi ni fupi mno kwa mazao. Mwaka 1880 Siemens aliotesha haradali, karoti, maharage, matango na matikiti kwenye vyungu, akavigawa makundi manne: giza tupu, taa tupu, jua tupu, na jua mchana pamoja na taa usiku. Miche ya gizani iligeuka njano ikafa. Iliyopata jua na taa ilishinda yote.

Ndipo akahamishia taa ndani ya nyumba za vioo shambani kwake Sherwood, karibu na Tunbridge Wells. Hapo alipata hasara: majani yaliyokuwa karibu na taa yalinyauka. Dawa ilikuwa rahisi ajabu. Alizungushia taa kioo cheupe, nacho kikazuia miale isiyoonekana iliyokuwa ikiunguza majani. Njegere zikazaa kabla ya msimu, stroberi zikaiva, hata ndizi zikapatikana.

Alijaribu pia vioo vya rangi. Kioo cheupe kilitoa miche bora, cha njano kikafuatia. Chini ya kioo chekundu miche ilirefuka ikawa dhaifu, na chini ya bluu ikawa hoi zaidi.

Anayenunua balbu leo kwa ajili ya miche ya ndani anakutana na jambo hilo hilo. Namba ya kelvin kwenye boksi inaonyesha rangi ya mwanga, si wingi wake. Balbu ya 2,700 ina wekundu mwingi, na miche inayoitegemea peke yake huweza kurefuka ovyo. Ya 5,000 hadi 6,500 ni nyeupe na huifaa zaidi miche na mboga za majani. Kipimo hicho, kwa bahati, kina jina la Lord Kelvin, rafiki wa Siemens.

Gharama je? Siemens hakuwa mtu wa kuchezea fedha. Injini yake ya mvuke, yenye nguvu za farasi sita, iliwasha taa usiku, na mchana ikapampu maji na kupasua kuni. Mvuke uliobaki ulipasha joto nyumba za vioo. Bado alikiri kuwa kilimo hicho kingelipa pale tu penye nguvu ya bei nafuu, kama maporomoko ya maji.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1883, akafariki Novemba mwaka huo huo akiwa na miaka 60. Majaribio yake yaliendelezwa na Liberty Hyde Bailey wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambaye katika miaka ya 1890 alionyesha kuwa saladi huwahi kukomaa ikiongezewa taa usiku.