Dakta Aggrey na Shule za Vijijini

Wengi wenu mmelisikia jina la Dakta Aggrey, na pengine mnaijua hadithi yake ya tai aliyelelewa pamoja na kuku hata akasahau kuruka. Lakini wanaoijua hadithi ni wengi kuliko wanaomjua mwenyewe. Mimi ni mwenyeji wa Molo, katika wilaya ya Tororo, si mbali na mpaka wa Uganda na Kenya, na ninayo sababu ya kuandika habari zake. Kazi iliyomleta katika nchi zetu ilihusu shule ndogo za mashamba, zile ambazo mtoto wa maskini huanzia masomo, na mara nyingi huyamalizia papo hapo.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1875, huko Anomabo, katika pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Baba yake alikuwa msemaji wa mfalme, kazi yenye heshima kubwa kwa Wafante. Mtoto alisoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti, na alipokuwa bado kijana mdogo alipelekwa kijijini kufundisha wenziwe. Mwaka wa 1898 alisafiri kwenda Marekani, akaingia Livingstone College katika mji wa Salisbury, North Carolina. Alijifunza Kigiriki na Kilatini, akahitimu mwaka wa 1902 kwa sifa kubwa, akabaki hapo hapo kuwa mwalimu. Nakuomba msomaji uvikumbuke Kigiriki na Kilatini, maana tutakutana navyo tena.

Tangu mwaka wa 1914 alichunga pia makanisa mawili madogo huko mashambani. Waumini wake walikuwa wakulima weusi, wajukuu wa watumwa, nao walizama katika madeni. Aggrey hakuridhika kuwahubiria siku ya Jumapili tu. Aliwafundisha kuweka akiba na kukopeshana wao kwa wao, akawahimiza kulima vizuri zaidi na kutengeneza shule zao. Nafikiri ni hapo alipotambua kwamba shule ya maskini haiwezi kusimama ikiwa wazazi wameanguka.

Basi katika mwaka wa 1920 shirika la Phelps-Stokes la New York lilituma tume kuchunguza elimu katika Afrika, na Aggrey akawa mtu mweusi wa pekee ndani yake. Tume ya pili, chini ya Thomas Jesse Jones, ilifika Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924: Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja na nchi nyingine. Siku zile reli ilikuwa bado haijafika Tororo. Serikali ya Uganda haikuwa hata na idara ya elimu. Hiyo ilianzishwa mwaka wa 1925. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na shule ya kijiji ilikuwa banda la nyasi, na mwalimu wake mara nyingi alikuwa katekista aliyewazidi wanafunzi kidogo tu. Mtoto alisoma ili abatizwe. Ndiyo maana hata leo katika Kiganda neno la kusoma lina maana pia ya kwenda kusali.

Taarifa ya tume ilitoka mwaka wa 1925. Ilishauri kwamba watoto wadogo waanze kufundishwa kwa lugha ya nyumbani, wafundishwe afya na kilimo, wasichana wasisahauliwe, na juu ya yote, mwalimu wa kijijini asiachwe peke yake. Shauri hilo la mwisho lilizaa matunda upesi: mwaka huo huo shule iitwayo Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Jina ni la Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka wa 1907 kwa ajili ya shule za watu weusi mashambani. Walimu walikwenda Kabete pamoja na wake zao, nao wake walifundishwa pia. Kisha walirudi makwao, na mwalimu akawa na kazi ya kuzunguka katika shule za vijiji, akimwonyesha kila mwalimu namna ya kufundisha, wala si kumkaripia na kuondoka.

Huyo mwalimu wa kuzunguka ndiye ninayemtamani kwa ajili ya Molo. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza Uganda mwaka wa 1997, wanafunzi wa nchi nzima waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Milango ilifunguliwa, na ni jambo jema sana. Lakini katika shule moja ya upande wetu nimemwona mwalimu kijana, mwenye watoto wa Kiteso na wa Kipadhola katika darasa moja, akihangaika na lugha mbili na vitabu vichache, wala hana wa kumwuliza.

Lakini wako Waafrika ambao hawakuufurahia ushauri wa tume hiyo. Walishuku kwamba elimu ya jembe ilitungwa ili mtoto mweusi abaki kwenye jembe, na walimwona Aggrey kuwa mpole mno kwa Wazungu. Alikuwa akifananisha watu weusi na weupe na vibao vya piano, ambavyo huleta wimbo mtamu vikipigwa pamoja. Lakini katika safari zake za kusini mwa Afrika alibaguliwa kwa ajili ya rangi yake. Kwa maoni yangu wenye shaka walikuwa na haki. Mtu aliyepanda kwa Kigiriki na Kilatini hawezi kumwambia mtoto wa Molo kwamba mboga na usafi vinamtosha. Naye Aggrey, nikitazama matendo yake, hakuamini hivyo: mwaka wa 1924 alikwenda Achimota, Gold Coast, kusaidia kuanzisha chuo cha kumfikisha mtoto kutoka darasa la chini kabisa hata masomo ya juu, na alishikilia kwamba wasichana wapokelewe pamoja na wavulana. Wakapokelewa. Vibao vyeusi na vyeupe vya piano viliwekwa katika nembo ya chuo.

Achimota ilifunguliwa rasmi Januari, 1927. Aggrey alirudi New York kumalizia kitabu chake cha shahada ya udaktari katika Columbia University, lakini aliugua ghafula akafa tarehe 30 Julai, 1927, bila kukimaliza. Alizikwa Salisbury. Katika miaka ya 1930 Mganda mmoja, Ernest Kalibala, aliyesoma Marekani, alirudi akafungua shule yake mwenyewe karibu na Kampala, nayo akaiita kwa jina la Aggrey.