Mwalimu Nyerere na maandiko jukwaani

Msikilizaji wa Kisaki, treni ya TAZARA unayoisikia ikipita ni moja ya kazi za Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943, akafundisha Tabora na Pugu. Mwaka 1954 akawa rais wa TANU. Waislamu wa pwani walikibeba sana chama hicho, hivyo jukwaani hakuhubiri dini, alidai usawa wa binadamu. Hata hivyo, mwaka 1959 aliposema juu ya mwenge wa Kilimanjaro, maneno yake yalifanana mno na sala inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko.

Mbele ya watawa wa Maryknoll, New York, mwaka 1970, hakuzunguka. Alishika kitabu cha Mwanzo: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi akasema hawezi kumwazia Mungu maskini, mjinga na mnyonge. Kanisa lisiloungana na wanaopinga mifumo inayowafukarisha watu, alionya, litabaki ushirikina wa waoga. Maneno makali hayo, tena kutoka kwa muumini aliyesali kila mara.

Tenzi zake za Enjili zilichapishwa mwaka 1996, miaka 3 kabla hajafariki London.