Sultani Salahuddin al-Ayyubi na Ahadi Yake

Salahuddin Yusuf bin Ayyub, Mkurdi kwa asili na Shafii kwa madhehebu, alizaliwa Tikrit, katika nchi ya Iraki, mwaka wa 532 wa Hijra (1137).

Mwaka wa 583 (1187) aliwashinda Manasara wa Ulaya huko Hattin, kisha akauzingira mji wa Baitul Mukaddas. Manasara walipouteka mwaka wa 492 (1099) waliwachinja wenyeji, wanaume na wanawake. Kwa hivyo Sultani aliazimu kuutwaa kwa upanga. Lakini waliozingirwa walipotishia kuwaua mateka wa Kiislamu, kisha wakaomba amani, alifanya shauri na watu wake, akaizuia ghadhabu yake. Kila mwanamume atoe dinari 10, na mwanamke 5, wende zao kwa salama.

Akaingia mjini tarehe 27 Rajabu, pasi na kuchinja mtu. Mafakiri wengi hawakuwa na fidia. Baadhi yao aliwaacha huru bure, na wengine wakawa watumwa. Askofu wao mkuu akatoka na mali nyingi za makanisa. Sultani akashauriwa amnyang'anye, akakataa kuvunja ahadi. Akapokea dinari 10 tu, kama kwa mtu yeyote.

Alifariki Damaskasi, 27 Safari 589 (1193). Hazinani mwake zilionekana dirhamu 47 na dinari moja. Basi ndiyo murua ya mwenye kupigana jihadi: kuushinda mji, na kuishinda nafsi yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.