Ludwig Guttmann: daktari aliyewafundisha waliopooza kuketi tena

Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe au kwenye bodaboda na kuumia uti wa mgongo, wengi wetu huuliza kama atatembea tena. Daktari Ludwig Guttmann alianzia karibu zaidi: je, ataweza kuketi bila kuanguka?

Guttmann alizaliwa mwaka 1899 katika familia ya Kiyahudi huko Tost, Ujerumani, mji ambao leo uko Poland. Mwaka 1917, akijitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa ya mawe, kijana mwenye nguvu, aliyevunjika mgongo. Wiki chache baadaye alifariki. Zama zile aliyeumia hivyo alihesabiwa kuwa hana matumaini.

Guttmann akawa bingwa wa mishipa ya fahamu. Wanazi walipowatesa Wayahudi, alikimbilia Uingereza na familia yake mwaka 1939. Februari 1944, vita vikiendelea, alikabidhiwa kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville.

Wagonjwa wakawa wanageuzwa kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, wasipate vidonda vya kulalia. Kisha likafuata zoezi la kuketi. Aliyepooza kuanzia kifuani au kiunoni hahisi ameegemea upande gani, hivyo alijifunza mbele ya kioo, akitumia macho na misuli ya mgongo wa juu kujiweka sawa.

Michezo nayo ilikuwa tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, washiriki 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Upinde huvutwa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo kiwiliwili lazima kijishikilie chenyewe. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifika Rome, yakiwa na wanamichezo wapatao 400. Leo tunayaita Paralimpiki. Guttmann alifariki mwaka 1980.

Siku hizi wataalamu wa mazoezi ya viungo hupima hata kuketi. Mgonjwa hukaa, hunyoosha mkono mbele kadiri awezavyo bila kuanguka, na umbali hupimwa kwa sentimita. Sentimita chache zikiongezeka, huenda akavaa shati mwenyewe au kufikia kikombe chake.

Basi tukiwa na ndugu aliyeumia mgongo, tusimwache alale tu. Tumgeuze, na tuulize hospitalini lini ataanza kufundishwa kuketi.