Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa Mwaka wa Uhuru

Ndugu zangu wa Reynoldsburg na Columbus, kila tarehe 9 Desemba tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, na ni haki yake. Leo naomba tumkumbuke pia Meya wa Dar es Salaam wa wakati ule, Sheikh Kaluta Amri Abedi.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora. Watu walimjua kwanza kwa dini na ushairi. Alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, akashiriki kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na Diwani ya Amri. Kisha akaenda Pakistani kuongeza elimu.

Mtunga diwani huyo ndiye aliyekuja kuongoza madiwani. Mwaka 1960, uhuru haujafika, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kwenye kiti walichokalia Wazungu na Waasia. Kazi za baraza la mji hazina fahari: takataka, mitaro, masoko, barabara za mitaa. Mimi ni muuguzi, najua mtaro mchafu unavyojaza wodi. Mwaka 1961 nchi ikapata uhuru, na mji ukawa jiji.

Baadaye alikuwa mkuu wa mkoa, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki Ujerumani Oktoba 1964, akiwa na miaka 40 tu. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake.

Kwa nini nayasema haya hapa Ohio? Nilipopata uraia nilipanga foleni kumpigia kura rais. Ulipofika mwaka wa kuchagua madiwani nilikuwa zamu ya usiku, nikalala. Nikaona si kitu. Lakini mwaka 2019 Reynoldsburg ilimchagua diwani aliyekuja Marekani kama mkimbizi kutoka Bhutan. Wenzake walikwenda kupiga kura, sisi tulikuwa wapi?

Wenye uraia, tujiandikishe. Uchaguzi wa madiwani hapa huja miaka isiyogawanyika kwa mbili. Sheikh Amri alianzia barazani kabla ya uwaziri. Nasi tuanzie hapo.

Heri ya Uhuru.