Bronko Nagurski: bingwa wa ulingo aliyemaliza kazi kwenye pampu ya mafuta

Vijana wa maskani zetu wanaotazama mieleka ya Marekani wanamjua The Rock. Wachache wanajua kwamba kabla ya ulingo alicheza kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Miami. Lakini njia hiyo hakuifungua yeye. Leo nawaletea mmoja wa waliomtangulia kwa zaidi ya nusu karne: Bronko Nagurski.

Alizaliwa mwaka 1908 huko Rainy River, Kanada, kwa wazazi wahamiaji wenye asili ya Ukraine. Angali mdogo, familia ilivuka mpaka ikahamia International Falls, Minnesota, mji wa baridi kali. Kandanda yake si hii ya Bandari na Gor Mahia. Ni ile ya mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mkononi huku watu wakigongana vifua.

Baada ya kung'ara Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1930 alijiunga na Chicago Bears kwa dola 5,000 kwa msimu. Akishambulia, hubeba mpira na kuupasua ukuta wa wapinzani. Timu ikishambuliwa, yeye ndiye ukuta. Mwaka 1932 theluji ilisababisha mechi ya kuamua bingwa ichezwe ndani ya ukumbi, na pasi yake kwa Red Grange ndiyo iliyozaa bao la ushindi dhidi ya Portsmouth. Mwaka 1933 Bears wakatwaa tena ubingwa, wakiwafunga New York Giants 23-21.

Lakini sifa hazijazi chungu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na mishahara ya wachezaji ikapunguzwa. Nagurski akaingia kwenye mieleka, iliyokuwa ikilipa vizuri zaidi. Juni 1937 alimshinda Dean Detton akawa bingwa wa dunia. Mwaka huohuo, katika muda wa wiki tatu, alicheza mechi tano za kandanda na kupigana mieleka mara nane, mji baada ya mji. Kisha akavutana na Bears kuhusu malipo, akaondoka. Mwaka 1939 alimwangusha Lou Thesz akatwaa taji la National Wrestling Association, akalipoteza mwaka uliofuata, akalirudisha 1941.

Najua kuna atakayesema mieleka ya kulipwa matokeo yake hupangwa. Ni kweli, lakini kuangushwa hakupangiki kusiume. Mwili ule ulilipa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipowamaliza Bears wachezaji, walimwita tena mwaka 1943. Alikuwa na miaka 35. Kwenye fainali dhidi ya Washington alifunga, timu ikashinda 41-21. Akarudi ulingoni, na alipostaafu alifungua kituo cha mafuta kwao International Falls, akiyajaza magari ya majirani. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa kandanda ya kulipwa. Alifariki Januari 1990.

Nilimkumbuka nilipopita Mai Mahiu, pale matrela yanayotoka bandarini kwetu husimama yakielekea Malaba na Busia. Kijana mmoja aliyekuwa akijaza upepo magurudumu aliniambia alikuwa golikipa hadi goti lilipomharibikia, na timu yake haikumlipia hata dawa. Kazi ile ni ya halali, haina aibu. Aibu ni kwamba hakuichagua. Nagurski alikuwa na kituo chake mwenyewe.

Hapa Pwani tumewahi kuwashangilia wachezaji wa Feisal na Liverpool ya Mombasa, kisha tukawaacha wazeeke na magoti yao. Viongozi wa timu zetu, mnapomsajili kijana, mwandikieni mkataba wenye bima ya matibabu, na mumpe nafasi ya kujifunza ufundi. Nanyi wazazi, msikubali sahihi bila hayo. Makofi ya uwanjani huisha jioni ileile, na riziki hutafutwa kila siku.